Mashimo ya Mhanga na Buti la Mguu wa Kulia

Mimi ni mstaafu mwenye miaka thelathini na sita. Najua wastaafu mnaowafahamu nyinyi wana mvi, wana mkongojo na wanagombana na redio. Mimi mvi ninazo mbili tu, ila mkongojo ninao. Nimefanya kazi ya wanyamapori miaka tisa katika vijiji vya upande wa Usoke, kule reli inakopita katikati ya mashamba ya tumbaku na miombo, mpaka goti langu la kulia likasema basi. Daktari akakubaliana na goti. Sasa nakaa Tabora mjini, nafuga kuku, na Jumamosi walimu hunialika kwenye klabu za mazingira niwasimulie nyinyi wanafunzi habari za porini; safari hii nawaandikia.

Kila mara mnaniuliza swali lile lile: umewahi kukutana na simba? Nimewahi. Alinitazama, akapiga mwayo, akaenda zake. Habari imekwisha. Mnyama aliyenifundisha kazi hana ngurumo wala manyoya shingoni, na wengi wenu mtazeeka bila kumwona. Ana masikio kama ya punda, pua kama ya nguruwe na makucha kama jembe. Anaitwa mhanga. Hutoka usiku, hula mchwa na siafu, na hakuna anayechimba upesi kama yeye. Mimi mwenyewe nimemwona mara tatu tu. Nilichokiona kila siku ni mashimo yake.

Nyuma ya mlango wangu kuna buti moja la mguu wa kushoto. Wageni huuliza la pili liko wapi. La pili limebaki kijijini kwa sababu ya mashimo hayo, na nitawaeleza lilivyofika huko.

Kwanza nimtaje Bi Nyamizi. Alikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji: mama mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mbuga, aliyenizidi umri kwa miaka ishirini na kwa kila kitu kingine. Mimi ni Mgogo wa Dodoma, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Utani huu ni wa zamani. Babu zake walipita kwetu na mizigo ya misafara kwenda pwani na kurudi, na sijui nani alimtania mwenzake kwanza, ila hadi leo hakuna aliyenyamaza. Siku ya kwanza nilipofika na digrii yangu na buti jipya, nilimwamkia kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mgogo. Hivi vitu virefu vya kijani unaviona? Vinaitwa miti. Usiogope, haviumi."

"Ahsante, mama. Nimesikia ninyi mliviacha mkaenda kubeba vitanda vya watu hadi Bagamoyo."

Akacheka mpaka akashika mti. Kuanzia hapo tukawa tunafanya kazi pamoja.

Tatizo langu, au labda ndiyo dawa yangu, ni kwamba sikubali kitu kwa kuambiwa. Nilikuwa hivyo shuleni, nikawa hivyo chuoni, na mama yangu anasema nilianza kabla ya kuota meno. Bi Nyamizi akisema hapa alipita nyegere, nauliza, umejuaje? Akisema mvua itanyesha keshokutwa, umejuaje? Kijiji kizima kikaniita Bi Umejuaje. Watoto walinisalimu kwa kelele barabarani: "Mwangaluka, Bi Umejuaje!" Sikukasirika. Nawashauri na nyinyi mlifanye swali hilo kuwa rafiki yenu, kwa sharti moja ambalo nitalifikia.

Mara nyingi swali lile lilinifundisha. Kiangazi kimoja tulikuwa tunakatiza mbuga. Kwa sisi wa huku, mbuga ni lile bonde la udongo mweusi ambalo masika huwa ziwa na kiangazi huwa sakafu iliyopasuka. Bi Nyamizi akasimama, akaonyesha kitundu kidogo kwenye tope lililokauka.

"Hapa chini kuna samaki, mzima."

"Mama, hapa hakuna maji tangu mwezi wa sita. Umejuaje?"

Alinipa jembe. Nilichimba nikicheka, kisha nikichoka, kisha nikiwa nimenyamaza, kwa sababu ndani ya bonge la tope alikuwamo kamongo amejikunja kama mkanda, amevikwa ngozi nyembamba ya ute uliokauka, anapumua hewa kupitia kile kitundu. Anasubiri mvua. Mwili wake umepunguza kila kitu mpaka karibu na sifuri. Tulimrudishia tope lake, tukaondoka. Njia nzima Bi Nyamizi aliimba wimbo alioutunga hapo hapo, wenye neno moja tu: digrii.

Lakini mashimo ndiyo yaliyotukutanisha kila siku. Mhanga akichimba shimo la kulala, hulitumia kwa siku chache, kisha anahama na kuchimba jingine. Shimo la zamani halibaki tupu. Ngiri analitaka zaidi, kwa sababu yeye kuchimba hawezi sana, na usiku anahitaji mahali pa kuwakimbia fisi na chui. Nungunungu naye huingia. Popo huning'inia darini. Nyoka hufuata ubaridi. Mijusi, vyura, buibui, kila mmoja na chumba chake. Nje jua la mwezi wa kumi linachoma kama bati, ndani kumepoa. Nje mvua ya Januari inapiga, ndani kukavu.

Somo la kwanza la Bi Nyamizi lilihusu mahali pa kusimama.

"Usisimame mbele ya shimo hata siku moja. Simama pembeni, au juu yake, nyuma ya mdomo. Ngiri anaingia kinyumenyume. Watoto wanatangulia, mama anageuka, anaingiza makalio kwanza, uso unabaki mlangoni na yale meno. Akiamua kutoka, hapigi hodi."

Nikauliza, umejuaje? Akapandisha gauni kidogo, akanionyesha kovu kwenye paja.

Somo la pili lilikuwa la buibui. Mdomo wa shimo ukiwa na utando wa buibui ambao haujachanika, hakuna mnyama mkubwa aliyepita asubuhi ile. Ukiona udongo laini, kinyesi kipya au alama za kwato, rudi nyuma. Nililiandika hilo kwenye daftari langu. Niliandika kila kitu. Kumbe mtu anaweza kuandika jambo vizuri sana na asilielewe.

Mwaka wangu wa pili, mwezi wa tisa, ng'ombe dume wa kulimia alivunjika mguu kwenye shimo la mhanga kando ya mbuga. Wafugaji walikuja wakiwa na hasira, na walikuwa na haki. Ng'ombe yule alikuwa jembe lao. Wakauliza serikali inafanya nini. Serikali, siku hiyo, nilikuwa mimi. Na mimi nilikuwa kijana mwenye haraka ya kuonekana nafanya kitu.

Nikasema tutafukia mashimo.

Bi Nyamizi alikuwa Urambo akimuuguza dada yake. Sikumsubiri. Nilikusanya vijana, majembe na mkokoteni wa mawe, tukapita mashimo yote ya ukingo wa ile mbuga, ishirini na matatu. Nilikuwa makini, msidhani sikuwa makini. Kila shimo nililikagua kwa ule utando wa buibui nisije nikamzika mnyama. Yenye mnyama tulisubiri atoke kwenda malishoni, kisha tukafukia. Mawe chini, udongo juu, tunashindilia kwa mchi. Kila shimo nililipa namba na kuandika hatua ngapi kutoka kwenye mti mkubwa wa mtundu uliosimama peke yake. Nilijivunia. Nadhani katika miaka tisa sijafanya kazi safi kuliko ile.

Bi Nyamizi aliporudi, nilimpeleka kuona. Alitembea ukingo mzima, akigonga kila shimo kwa kisigino. Mwishoni akaniuliza, "Uliangalia kama yana mtu ndani?"

"Niliangalia yote. Yalikuwa matupu."

"Mchana."

"Ndiyo, mchana, wakiwa wametoka."

"Nyumba yako Dodoma, mchana ukienda sokoni, inakuwa tupu?"

Nilimwambia huo ni utani, si hoja. Nilimwambia wanyama wana pori zima, watatafuta pengine. Akasema, "Haya, Bi Umejuaje," akaenda zake. Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kuniuma.

Wanyama kweli walitafuta pengine.

Sasa tuingie Januari, wakati tumbaku imekomaa na majani ya chini yameanza kuwa ya njano. Wale wa mjini ambao hamjui: majani yakishachumwa hufungwa kwenye fito, fito hupangwa ndani ya nyumba ndefu ya tofali iitwayo bani, na nje kuna tanuri ambalo moto wake hupeleka joto ndani kwa njia ya chini. Majani mabichi yakishachumwa hayasubiri. Yasipopata moto yanageuka kuwa meusi na kuoza, na kazi ya mwaka imekwenda.

Mama Kulwa alikuwa mjane mwenye shamba na bani lake nje kidogo ya kijiji, upande wa mbuga. Hilo bani lilijengwa na mume wake, na ndilo lililosomesha Kulwa na Doto. Asubuhi moja, fito zake zikiwa tayari zimejaa majani, alikwenda kufagia tanuri ambalo halikuwashwa tangu msimu uliopita. Aliingiza ufagio. Ufagio ukarudishwa.

Nilipofika, nusu ya kijiji ilikuwa pale. Mvua ilikuwa inanyesha manyunyu. Ndani ya mdomo wa tanuri, uso ukitutazama, alikuwa ngiri jike mwenye meno mawili kama visu vya kupogolea, na nyuma yake, gizani, vilisikika vilio vyembamba vya watoto. Alikuwa ameingia kinyumenyume, kama kitabuni. Vijana walikuwa na mikuki na mbwa watano.

"Kitimoto kimejileta chenyewe mpaka jikoni!" alisema mmoja wao, watu wakacheka. "Kazi ni kuwasha tu."

"Hakuna kuwasha," nilisema. "Huyu ni mnyama wa serikali."

Mama Kulwa alinigeukia. Hakuwa mtu wa kelele. Mzee wa kanisa la Moravian, anayeongea taratibu. "Mwanangu, ni wa serikali, sawa. Bani ni la nani?"

"Ni lako, mama."

"Majani haya?"

"Ni yako."

"Basi mwambie mnyama wa serikali aende kwenye nyumba ya serikali. Mabani yote kijijini wiki hii yamejaa, nimeshauliza. Kesho asubuhi nawasha. Wakiwemo, wasiwemo. Mungu ataniuliza, nitamjibu."

Nilitazama zile fito. Nilitazama uso wa yule ngiri. Katika kichwa changu nilijua kabisa ametoka wapi, maana shimo namba saba halikuwa mbali na pale, na alama za kwato mlangoni mwake nilizichora mwenyewe kwenye daftari. Nilijua pia kwamba hakuna mwingine aliyeyaunganisha hayo, isipokuwa mtu mmoja, naye alikuwa anakuja na mwavuli.

Mwenyekiti wa kijiji akakohoa. "Afisa, tunaomba mwongozo."

Watoto wangu, hapa nawaambia ukweli. Afisa hukosea kama watu wote, lakini huwa amefundishwa sauti ya kukosea nayo. Niliitumia. Nikasema suala hili litafanyiwa tathmini, na kwamba mwingiliano baina ya binadamu na wanyamapori unasababishwa na mambo mengi.

"Tathmini ndiyo nini?" Bi Nyamizi alikuwa amefika. "Ni kamba ya kumvutia ngiri?"

Watu wakacheka.

"Mama, ngoja nimalize."

"Malizia, mtani. Ila nikuulize kitu kidogo, mimi sijasoma. Yale mashimo ulisema yalikuwa matupu. Umejuaje?"

Hata mbwa, nadhani, walinigeukia.

Ningeweza kujibu kwa hasira. Mimi ndiye niliyekuwa na cheo pale, na kama angekuwa mtu mwingine yeyote, angekuwa amenikosea adabu mbele ya watu na mwenyekiti angelazimika kumkemea. Lakini alikuwa mtani, na kwa mtani huna pa kukasirikia. Ukikasirika umeshindwa mara mbili. Akanisogelea, akainama, akashika buti langu la kulia na kulivuta kwa nguvu zote. Nikakaa chini kwenye tope. Buti likatoka.

"Wanyamwezi wenzangu!" akapaza sauti, ameinua buti juu. "Mgogo amewafukuza wapangaji wetu bila notisi. Mvua imekuja, watoto wachanga, baridi, mama wa watu ameona nyumba ya tofali, ameingia. Nyinyi mngefanyaje? Namtoza faini. Atachimba nyumba alizofukia, leo, mguu mmoja peku, mpaka jioni. Na watani wote waje washuhudie kama Wagogo wanajua kushika jembe!"

Kijiji kililipuka. Yule kijana wa kitimoto alicheka mpaka akaangusha mkuki. Na mimi, nimekaa kwenye tope, nilihisi kitu cha ajabu: nilihisi nimepona. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Nimekosa. Niliyafukia mimi, sikuuliza. Faini naikubali."

Sidhani ningeweza kuyatamka maneno hayo mezani, kwenye kikao, nikiwa na buti mbili.

Kisha nikafikiri, kama kawaida yangu. "Lakini kwa nini tusisubiri tu kesho watoke kula, tukaziba tanuri?"

"Tutaziba," alisema Bi Nyamizi. "Halafu kesho jioni wataingia bani la jirani. Au watalala wazi, mvua iwanyeshee. Watoto wa ngiri baridi inawaua upesi kuliko chui. Mpangaji humtoi kabla hujamwonyesha nyumba nyingine."

Tukaenda na majembe. Nilifungua daftari kwa majivuno kidogo yaliyobaki. "Shimo namba saba, hatua arobaini na mbili kutoka kwenye mtundu mkubwa." Niliangaza. Ukingo wa mbuga ulikuwa nyasi tupu hadi magotini. Mtundu mkubwa haukuwepo.

"Mama Kulwa," nilimwita, maana naye alikuja kutazama, "ule mti uliokuwa hapa?"

"Uko kule kwangu," alisema bila wasiwasi. "Umepasuliwa, umepangwa, unasubiri kuwashwa."

Alama zangu zote ishirini na tatu zilikuwa kuni. Watu walikaa chini kwa kucheka. Bi Nyamizi akaniambia nifunge daftari nifungue macho. "Angalia nyasi. Udongo uliochimbwa na kurudishwa ni laini, unanyonya maji. Nyasi zake zinakuwa ndefu na kijani zaidi kuliko jirani zake." Nilipotazama hivyo, niliyaona: madoa mabichi, moja baada ya jingine, kama mtu amepita akimwaga rangi. Nilitamani kimoyomoyo kuuliza amejuaje. Sikuuliza. Nilikimbilia doa la kwanza nikiwa na buti moja.

Kushindilia shimo ni kazi ya nusu saa. Kulifukua wakati mawe yamekaa na mvua imeyakazia ni kazi ya kukufanya umheshimu mhanga maisha yako yote. Yeye hufanya hivyo kwa dakika chache, kwa makucha, usiku, bila kushangiliwa. Mimi nilishangiliwa sana. Waliimba, walinipigia makofi, walinikosoa nilivyoshika mpini. Kisha kijana wa kitimoto akasema hawezi kuvumilia kuona jembe linadhulumiwa hivi, akaninyang'anya. Mwingine akaingia shimo la pili. Hawakumchimbia ngiri, mjue. Hakuna ambaye angeacha tumbaku yake Januari kwa ajili ya ngiri. Walikuja kucheka, na mtu anayecheka mikono yake haijui kama inafanya kazi. Hadi jioni tulikuwa tumefungua manne. La tano tulikuta limeshafunguliwa: udongo mpya, alama za makucha matatu hadi manne, mchwa wametapakaa. Mhanga mwenyewe alikuwa ametutangulia siku chache nyuma, kapita pembeni ya mawe yangu kama mtu anayepita pembeni ya mlevi.

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha tena. Hilo ndilo nililoliogopa, kwa sababu ngiri hapendi kutoka kwenye mvua na watoto. Mbwa walifungwa majumbani. Mimi na Bi Nyamizi tulijibanza nyuma ya rundo la kuni, yaani nyuma ya mtundu wangu. Mama Kulwa alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa bani, kiberiti mkononi, kanga kichwani. Jua lilitakiwa kuwa limepanda. Majani yake yalikuwa ndani yananing'inia, na kila saa iliyopita ilikuwa hasara yake, si yangu.

"Mama, muda umepita," nilinong'ona.

"Nauona."

"Utawasha?"

"Nangoja majani yanyauke kidogo. Si kwa ajili ya nguruwe wako."

Hakuyangoja yanyauke. Nilijua na yeye alijua kuwa nilijua. Aligeuza kiberiti kile mkononi, akakigeuza tena.

Manyunyu yalipokatika, pua ilitokeza. Kisha meno. Kisha akatoka mzima kwa mara moja kama risasi, akasimama mbele, na nyuma yake wakatoka watoto watatu, mikia juu kama vijiti vya kupigia ngoma. Alimtazama Mama Kulwa, akatutazama na sisi, akapiga magoti ya mbele kwenye nyasi za pembeni mwa bani, akaanza kula. Ngiri hula amepiga magoti. Ana sugu hapo tangu tumboni mwa mama yake. Mama Kulwa, mzee wa kanisa, akasema kwa sauti ndogo, "Angalau anasali kabla ya kula."

Walipokwenda mbali, tulifagia tanuri, tukapanga kuni, Mama Kulwa akawasha, tukaegesha bati mdomoni wasirudi. Moshi ukapanda. Majani yake yaliokoka, isipokuwa fito chache za karibu na mlango.

Bado mimi sikuridhika. Nani alithibitisha kwamba watakwenda kwenye mashimo? Jioni nilipanda kwenye kichuguu, upepo ukinijia usoni, nikangoja. Walirudi kwanza upande wa bani. Mama ngiri akasimama, akanusa moshi, akageuka. Akachukua ile njia ya ukingo wa mbuga, moja kwa moja, hadi shimo namba saba, mojawapo ya yale manne. Alilizunguka. Alinusa udongo tulioutoa kwa majembe, wenye harufu ya mikono ya kijiji kizima, akakaa muda ambao kwangu ulikuwa kama muhula wa masomo. Watoto wakaingia, mmoja, wa pili, wa tatu. Yeye akageuka, akaingiza makalio, na uso wake ukabaki mlangoni unatazama nje.

Kuhusu ukingo ule wa mbuga, na wafugaji nao tulipatana: mashimo yaliyo kwenye njia ya ng'ombe tuliyawekea matawi ya miiba kuyazunguka, yaonekane kwa mbali. Ni kazi ya asubuhi moja. Ningeweza kuifanya tangu mwanzo, kama lile swali langu ningelijiuliza mimi mwenyewe kabla ya kuwauliza wengine. Sharti nililowaahidi ndilo hilo.

Goti langu? Miaka kadhaa baadaye, nikimfuata nyegere nikiwa nimetazama juu kwenye mizinga ya nyuki, nilitumbukia shimo namba kumi na moja hadi kiunoni. Nililifukua kwa mikono yangu. Bi Nyamizi alinivuta nje huku akisema kwamba huo ndio uaminifu wa kweli kwa kazi.

Wiki ya kuaga, nilikwenda kwake na mkongojo wangu mpya.

"Mtani, faini nilimaliza kulipa zamani. Nipe buti langu."

"Liko pale."

Lilikuwa linaning'inia kwenye msumari chini ya paa, limechakaa, mdomo ukitazama uani. Nikanyoosha mkono.

"Wewe Mgogo! Miaka tisa yote! Umejuaje kama ni tupu?"

Nikaurudisha mkono. Nikasogea pembeni, si mbele ya mdomo. Tukangoja, wanawake wawili kimya uani. Haikupita muda, ndege mdogo wa kahawia mwenye mdudu mdomoni akatua kwenye kisigino, akatukagua, akaingia. Ndani vikasikika vilio vyembamba.

"Basi," nikasema. "Mimi bado nina la kushoto."

"Hilo nalo lilete," alisema Bi Nyamizi. "Huyu ana dada yake, anatafuta nyumba."

Kwa hiyo walimu wa klabu, Jumamosi hii msiningoje. Napanda treni ya Usoke, na mkononi nina buti moja.